Asili ya Neno "Behave", na Lugha ya Adabu Katika Majengo

Neno la juma hili ni dogo, nalo husikika kila siku katika mitaa ya Majengo, Nairobi, tangu alfajiri hata usiku. Mwalimu hulisema darasani. Mama humwambia mtoto wanapoingia nyumbani kwa watu. Utingo wa gari la abiria humwambia mlevi anayewasumbua wenziwe. Hata watoto wasiojua Kiingereza kingine cho chote hulijua hili, nao huambiana wakicheza: "Behave!" Katika vinywa vyao huwa "biheivu", na kila aambiwaye huelewa kwamba ametakiwa aache jambo fulani.

Chukua mfano wa kijana wa sekondari anayerudi nyumbani na kumkuta nyanya yake ukumbini, akibishana na jirani kwa sauti kuu juu ya maji ya mfereji. Kijana acheka, asema, "Nyanya, behave!" Kwake ni mzaha tu. Katika Kiingereza cha filamu na cha redio, maneno hayo huambiwa rafiki, mume, hata babu, na hapana achukiaye. Lakini nyanya huyo akiuliza maana yake, naye jirani akamfasiria kwamba ameambiwa "shika adabu yako", jioni hiyo chai haitanyweka nyumbani humo. Yafaa basi lichunguzwe neno hili lilikotoka, na sababu ya kupita salama katika lugha moja na kuumiza katika nyingine.

"Behave" ni neno la vipande viwili. Kipande cha kwanza ni "be-", kiambishi cha kale cha Kiingereza ambacho hutiwa mbele ya kitendo ili kukitia nguvu au kukizungusha pande zote, kama kionekanavyo katika "besiege", yaani kuuzingira mji. Kipande cha pili ni "have", neno ambalo kila mwanafunzi hulijua tangu mwaka wake wa kwanza wa kusoma Kiingereza. Maneno hayo yaliunganishwa, na "behave" ikaanza kuonekana katika maandiko ya Waingereza katika karne ya 15. Wakati huo kwa kawaida haikusimama peke yake. Ilifuatwa na neno la kumrudia mtendaji mwenyewe: "behave himself", "behave herself". Maana yake ilikuwa mtu kuwa na nafsi yake kwa namna fulani, njema au mbaya.

Hapa Mswahili hukwama mara moja, kwa kuwa lugha yake haina kitendo cha "have". Yeye husema "kuwa na". Mtu ana nyumba, yaani yu pamoja na nyumba. Ana homa, yaani yu pamoja na homa. Hawezi kuwa pamoja na nafsi yake kwa namna hiyo, na akitangaza mbele ya watu kwamba ana nafsi yake, atadhaniwa anawahakikishia kwamba bado yu hai.

Lakini fundo hili hufunguka kidogo mtu akichimba zaidi. Wako waliosomea shule za misheni, wakaonja Kilatini kidogo, ambao hudhani kwamba "have" ni neno lile lile la Kilatini "habere", kwa kuwa sauti zake zafanana na maana zake ni moja. Sivyo. Wataalamu wa lugha wamekwisha kuonyesha kwamba mfanano huo ni wa bahati. Ndugu halisi wa "have" katika Kilatini ni "capere", ambalo maana yake ni kushika, kutwaa kwa mkono; sauti ya "k" ya zamani sana iligeuka kuwa "h" katika lugha za jamaa ya Kiingereza na Kijerumani. Kwa hiyo aliyesema "have" hapo kale alikuwa akisema "shika", na "behave" ikifuatwa hata shina lake ni kujishika. Katika Kiingereza cha kale sana kulikuwa na neno "behabban", lenye maana ya kuzingira na kuzuia kitu kisitoke. Wengine hufikiri kwamba maana ya leo ilitokana na hilo, mtu akajizuia nafsi yake kama azuiavyo ng'ombe zizini. Wengine huona kwamba neno la karne ya 15 liliundwa upya. Kwa njia zote mbili, mkono umo ndani yake.

Wanafunzi huuliza mara kwa mara mbona "have" na "behave" zaandikwa sawa lakini hazitamkwi sawa. Jibu ni kwamba zamani zilitamkwa sawa. "Have" hutumika kila dakika, tena hutamkwa kwa haraka katikati ya maneno mengine, hata ikapunguzwa na kufupishwa, kama kisu kinavyoliwa kwa kunolewa. "Behave" haikutumika mno, nayo ikaihifadhi sauti ndefu ya kale. Basi atamkaye "behave" sawasawa anaisikia "have" kama walivyoisikia Waingereza wa karne nyingi zilizopita.

Hapo mwanzo neno liliweza pia kutendwa juu ya kitu kingine, si juu ya nafsi tu. Mshairi Edmund Spenser, katika utenzi wake mkubwa The Faerie Queene, ambao vitabu vyake vitatu vya kwanza vilichapishwa mwaka 1590, alilitumia kwa mtu avitumikishaye viungo vyake na akili yake. Matumizi hayo yamekufa. Baadaye, karibu na mwisho wa karne ya 17, Waingereza wakaanza kuliacha lile neno la kujirudia, na pamoja nalo wakaacha kutaja kama ni vizuri au vibaya. "Behave" peke yake ikawa na maana ya kujiweka vizuri. Jambo hili si geni kwa Mswahili. Akisema "fulani ana sauti", hasemi sauti yo yote, maana hata bata anayo. Ana maana ya sauti nzuri. Vivyo hivyo "ana akili". Atakaye kusema kinyume hana budi kuongeza neno, na Waingereza nao huongeza kipande kingine mbele, wakasema "misbehave".

Jina litokanalo na kitendo hiki, yaani "behaviour", lina hadithi yake. Mwisho wake uliigwa kutoka neno jingine la zamani, "havour", lililotoka katika Kifaransa na lililokuwa na maana ya mali, vitu alivyo navyo mtu. Kwa hiyo ndani ya "behaviour" kumelala harufu ya mali. Siku hizi jina hilo limechukuliwa na wataalamu wa sayansi, ambao hulitumia kwa panya, kwa chuma kinachopashwa moto, na kwa bei za sokoni, bila kujali wema wala ubaya. Mmarekani John B. Watson alianzisha mwaka 1913 mafundisho ya elimu ya nafsi yaliyojengwa juu ya neno hilo, akataka yatazamwe matendo yanayoonekana tu. Hayo yawaachwe wenyewe. Neno la Majengo si la panya.

Sasa yatazamwe maneno ambayo Mswahili hutumia mahali pa hilo. Ni mengi, na hakuna hata moja linalosimama pale pale "behave" isimamapo.

La kwanza ni "tabia". Limetoka katika Kiarabu, na maana yake huko ni maumbile, asili ya kitu. Shina lake ni kupiga chapa, kutia muhuri, na ndilo shina la neno "matbaa", yaani mahali pa kupigia chapa vitabu, ambalo wasomaji wa Unguja na Mombasa walilijua sana. Kwa hiyo aliyesema "ndiyo tabia yake" amesema kwamba mtu huyo alikwisha kupigwa chapa, na chapa haifutiki kwa kuamrishwa. Hapana mtu amwambiaye mwenziwe "tabia!" kama Mwingereza asemavyo "behave!" Neno halikubali.

La pili ni "mwenendo", nalo ni neno la Kibantu halisi, kutoka "enenda", yaani kwenda na kuendelea kwenda. Hili hufanana zaidi na "conduct" ya Kiingereza, ambayo nayo ni neno la safari, kwa kuwa limetoka katika Kilatini cha kuongoza njia. Tofauti ni kwamba katika "conduct" yuko aongozaye, na katika "mwenendo" yuko aendaye tu. Mwenendo hauonekani kwa siku moja. Jirani husema "mwenendo wake nimeuona", naye huwa ameutazama miezi na miaka.

La tatu ni "adabu", nalo ni la Kiarabu tena. Waarabu huliita "adab" hata somo la vitabu vya lugha iliyo bora, kwa kuwa asili yake ni malezi na mafunzo. Adabu hufundishwa, basi mzazi ndiye alaumiwaye mtoto akikosa. Neno hili limepata msiba mmoja katika Afrika ya Mashariki, nao ni kufanana kwake na "adhabu", ambalo ni neno jingine kabisa, la shina jingine. Katika kinywa cha mnyapara wa zamani "kutia adabu" kulikuwa ni kupiga kiboko, hata watu wengi wakaona maneno hayo mawili ni baba na mwana. Kosa hilo limebaki mpaka leo, na si katika Majengo peke yake.

Hapo ndipo penye jambo la ajabu kidogo. Mswahili akitaka kuamrisha, husema "shika adabu". Yeye naye, pasipo kuazima kwa Mwingereza, amefika penye kushika! Hushika dini, hushika sheria, hushika njia, na wengi husema kwamba hata "shikamoo" asili yake ni kushika miguu ya mkubwa. Lakini tazama ashikacho. Mwingereza hujishika mwenyewe. Mswahili hushika kitu kilicho nje yake, alichokikuta duniani na alichopewa na waliomlea. Ukimwambia mtu mzima ajishike, umemkumbusha tu jambo lililo lake. Ukimwambia ashike adabu, umemwambia kwamba alichopewa na wazazi wake amekiangusha, na hivyo umewagusa wazazi nao, hata kama wamekwisha kuzikwa Kariokor. Ndiyo sababu ya nyanya yule kukasirika, na hana kosa.

Neno la nne ni "heshima", na kwa habari za Majengo ndilo kubwa kuliko yote. Kiarabu chake ni "hishma", chenye maana ya haya na staha, mtu kuona aibu kufanya lisilofaa mbele ya watu. Katika Kiswahili maana imepanuka. Heshima huwekwa, hupewa, hutunzwa, huvunjwa. Mtu mmoja peke yake msituni hawezi kuwa nayo, kwa kuwa hakuna wa kumpa.

Kuelewa kwa nini neno hili lilipata nguvu sana Majengo, hapana budi kukumbuka mtaa wenyewe ulivyojengwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakuu wa mji wa Nairobi walipima viwanja Pumwani, wakawaruhusu Waafrika wajenge humo nyumba zao wenyewe, huku vijiji vyao vya zamani vilivyokuwa vimetawanyika mjini vikivunjwa kimoja baada ya kingine. Nyumba za kwanza zilikuwa za miti na udongo, zikaezekwa kwa mabati na madebe yaliyokunjuliwa, kwa mtindo wa Pwani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vingine. Wakaja watu wa Kikuyu na Ukamba, wa Pwani, wa Unyamwezi na Umanyema na Uganda, na wengi wakasilimu, na Kiswahili kikawa lugha ya ukumbini. Katika nyumba ya namna hiyo, akohoaye chumba cha mwisho husikika chumba cha kwanza. Mpangaji asingeweza kuficha ugomvi wake na mkewe, wala deni lake, wala mgeni wake wa usiku.

Tena wenye nyumba wengi walikuwa wanawake, jambo ambalo wageni wengi wa siku hizo hawakulitazamia. Wengine walikuwa wachuuzi wa pombe na vyakula, na wengine walipata fedha zao kwa biashara ya mwili, katika mji uliojaa wanaume walioajiriwa peke yao, wake zao wakiwa wamebaki mashambani. Serikali iliwatazama wanawake hao na kuona mwenendo mbaya, ikaishia hapo. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake The Comforts of Home kilichotoka mwaka 1990, alikwenda akawauliza wazee wa Pumwani wenyewe, wanawake kwa wanaume. Alikuta kwamba wanawake walioitwa malaya walikuwa na sheria zao kali za kujiweka. Alikaa chumbani mwake, hakusimama njiani kuwaita wanaume. Aliyemjia alipewa chai na chakula na maji ya kuoga. Akidhulumiwa fedha zake, wengi wao waliona heri kunyamaza kuliko kupiga kelele, kwa ajili ya majirani. Neno walilolitumia kwa hayo yote lilikuwa heshima.

Msomaji aliyelelewa kanisani au msikitini aweza kushtuka kuona neno tukufu limewekwa mahali hapo, na haki yake asinyimwe. Dini haikubadilisha hukumu yake juu ya biashara hiyo. Lakini kwa mchunguzi wa maneno ushahidi huu ni wa thamani, kwa kuwa waonyesha heshima katika Majengo ilikuwa imekaa wapi. Ilikaa kati ya chumba na chumba. Haikupimwa kwa kazi aifanyayo mtu, wala kwa ayasemayo padre au mkuu wa mji juu yake, ila kwa jinsi alivyowahifadhi wale watakaolala upande wa pili wa ukuta. Maskini aliweza kuwa nayo, na tajiri mwenye kelele akaikosa.

Kwa upande wa pili kulikuwa na karatasi. Serikali ya kikoloni nayo ilitaka kujua mienendo ya watu, na haikuwa na nafasi ya kuketi ukumbini miaka kumi. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1915, na ambayo utekelezaji wake ulianza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwisha, kila mwanamume Mwafrika aliyefikia miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande, chenye alama za vidole vyake, ndani ya kibweta cha bati ambacho wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Humo iliandikwa kazi aliyoajiriwa, mshahara wake, na siku ya kuingia na ya kutoka. Bwana asipotia sahihi ya kumwachilia, mtumishi hakuweza kwenda kwa bwana mwingine, na akienda aliandamwa na polisi kama mtoro. Pamoja na kipande, watumishi wa majumbani walitembea na barua za sifa kutoka kwa mabwana waliotangulia, barua ambazo mara nyingi wao wenyewe hawakuweza kuzisoma. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya wafuasi wa Harry Thuku mwaka 1921 na 1922, na watu hawakuacha kukipinga mpaka mwishoni mwa miaka ya 1940, ilipowekwa sheria mpya ya kuwaandikisha watu wa rangi zote.

Katika miaka hiyo "behave" ililetwa Nairobi kama amri tupu. Msimamizi alimwambia karani mtu mzima, memsahib alimwambia mpishi mwenye wajukuu. Lile neno la kujirudia, ambalo ndani yake mtu hujishika kwa mkono wake mwenyewe, liliachwa Uingereza.

Na Uingereza huko lilikuwa na cheo. Sheria yao maarufu ya mwaka 1701, iliyopanga urithi wa kiti cha enzi, ilisema pia kwamba majaji watakaa kazini muda wote watakaojichukua vizuri, wala mfalme asiwaondoe kwa kupenda kwake. Maneno yalitiwa kwa Kilatini, na kitendo chake ni cha kujibeba, kujichukua. Hivyo uhuru wote wa jaji wa Kiingereza ulitundikwa juu ya mwenendo wake mwenyewe. Sheria za Kenya nazo zilirithi jambo la jamaa hiyo: hakimu aweza kumtaka mtu atoe dhamana kwamba atakuwa na mwenendo mwema kwa muda fulani, na mfungwa afanyaye kazi kwa bidii na mwenendo mwema hupunguziwa theluthi ya kifungo chake.

Lakini karatasi ijulikanayo zaidi na vijana wa Majengo ni ile waiitayo "Good Conduct". Jina lake rasmi ni cheti cha polisi cha kuthibitisha kwamba mtu hana rekodi ya uhalifu. Hakuna aliyewahi kusikika akiliita hivyo katika foleni. Atafutaye kazi ya ulinzi, au ya udereva, au ya kwenda kutumika Uarabuni, huombwa aje nayo. Hujaza ombi lake kwa mtambo wa serikali, hulipa ada, ambayo mwaka 2023 ilikuwa shilingi 1,050, kisha hupakwa wino vidole vyote kumi juu ya fomu iitwayo C24, katika makao makuu ya wapelelezi barabara ya Kiambu au katika kituo cha Huduma. Hapo tena ni chapa na vidole, kama vile mtu aliyeunda neno "tabia" alikuwa ameona mbele.

Cheti hicho chasema nini? Chasema kwamba alama za vidole hivi zimetafutwa katika kumbukumbu za wahalifu, na hazikuonekana. Hakisemi zaidi. Mtu aliyewadhulumu majirani maisha yake yote, akamnyima mama yake chakula, akala fedha za chama cha mazishi na kuwashinda wenziwe kwa maneno, hutoka pale na "Good Conduct" safi kabisa. Na kijana aliyekamatwa akiuza soksi kando ya Gikomba bila leseni, akakiri kosa ili amalize haraka, akachukuliwa alama za vidole, aweza kukuta miaka mitano baadaye kwamba kosa lile limemngojea. Nyumba nzima yaweza kumshuhudia kwamba ni mtu wa heshima, lakini hapana nafasi katika fomu ya C24 ya kuandika ushahidi wa ukumbi.

Si kwamba cheti hakina kazi. Mwenye shule anayeajiri mlinzi wa watoto ana haki ya kujua kama mtu huyo alikwisha kuwadhuru watoto mahali pengine, na majirani wa Majengo hawawezi kumwambia yaliyotendeka Kisumu. Ubaya ni wa jina. Karatasi ya kusema "hatukuona kitu" imepewa jina la kusema "tumeona wema", na jina hilo limeanza kuingia katika fikira za watu. Sasa husikika mzazi akimsifu mwanawe kwa kusema "huyu ana Good Conduct", kana kwamba mwenendo ni kitu kinachochapishwa na kuwekwa ndani ya bahasha ya kahawia, tena chenye kuhitaji kufanywa upya mwajiri akidai cha karibuni.

Limebaki swali la atakaye kufasiri. Akiambiwa aiweke "behave" katika Kiswahili, asitafute neno moja la kuvaa mahali pote. Kwa mtoto mdogo, "shika adabu" ni sawa na halina tusi, maana bado anafundishwa; likisemwa na mama kwa upole, "shika adabu yako, mwanangu", ni maneno ya mapenzi. Kwa rika, "jiheshimu" latosha, nalo lina ile sauti ya kujirudia iliyokuwa katika Kiingereza cha kale. "Jichunge" ni kali zaidi, tena lina onyo la hatari ndani yake. Kwa mtu aliye hadharani, kama yule mlevi ndani ya gari, watu wa Majengo husema "jiheshimu, mzee", na kwa kumwita mzee humrudishia kwa mkono mmoja wanachomtaka akishike kwa mkono wa pili. Katika habari za sayansi, ambamo hakuna sifa wala lawama, "kuenenda" au "mwenendo" ndilo bora, wala mtu asiandike kwamba chuma kina adabu.

Kwa mkubwa hakuna tafsiri. Mjukuu akiona nyanya yake amepandwa na hasira ukumbini, lugha imempa "pole, nyanya", na imempa kiti cha kumsogezea, na ndoo ambayo aweza kuichukua mwenyewe mferejini akaijaza.

Juma lijalo litachunguzwa neno "manners", ambalo katika safari yake ndefu kutoka Kilatini kupitia Ufaransa lilianza nalo kuwa neno la mkono.